Bakteria wa tumboni wanakula kile ulichoshindwa kumeng'enya

Kila baada ya muda kuna kitu kipya kinauzwa cha "kusafisha utumbo", mara unga wa kijani, mara vidonge vya probayotiki, yaani bakteria hai wa kumeza, vya bei ya kutisha, mara chai ya kupunguza kitambi ambayo kazi yake kubwa ni kukuharisha, na maelezo ni yale yale siku zote, kwamba tumboni kuna bakteria wazuri na wabaya na ukinunua hiki wazuri wataongezeka. Ukweli upo kidogo, biashara ndo nyingi. Maana watu wanauliza wameze bakteria gani, wakati wanaokaa humo ndani tayari ni wengi kupita maelezo, na kinachoamua nani anashamiri na nani anapotea ni chakula gani kinafika kule waliko.

Sasa wako wapi? Wengi wao wako utumbo mpana, ile sehemu ya mwisho mwisho kabla ya choo. Kwenye mfuko wa chakula asidi ni kali mno, kwenye utumbo mwembamba mambo yanapita haraka, ila vikifika utumbo mpana mwendo unapungua, hakuna oksijeni, joto lipo muda wote, ndo mji wao ulipo. Kwa mtu mzima wa kilo 70 hesabu iliyopigwa 2016 inasema bakteria ni kama trilioni 38 na seli za mwili wenyewe kama trilioni 30, na uzito wao wote ni kama gramu 200 hivi. Ile habari ya kwamba wamekuzidi mara 10 na kwamba umebeba kilo 2 za bakteria, ambayo bado inazunguka sana, ilikuwa makadirio ya zamani ambayo kila mtu aliyanakili bila kuyahakiki.

Alafu ukishajua wanakaa mwishoni mwa njia, kitu kingine kinaonekana chenyewe: wao hawali unachokula wewe, wanakula kinachobaki. Ni kama sinia la pilau, wakubwa wameshapitisha mkono, nyama imeisha, wa mwisho anakuta kilichobaki. Sukari ya soda inanyonywa mapema kabisa kwenye utumbo mwembamba, wanga wa mkate mweupe nao hivo hivo, mafuta ya chips mengi yanaishia huko huko juu, yaani unaweza kushiba mpaka ukafungua mkanda na bakteria wako wakalala njaa.

Kinachowafikia ni vile ambavyo mwili wako hauna uwezo navyo. Faiba kwanza, yaani nyuzinyuzi za mboga, matunda, nafaka ambazo hazijakobolewa na jamii yote ya kunde. Mwili wa binadamu una vimeng'enya vya kuvunja wanga ambavyo havizidi 20, lakini bakteria mmoja tu anayeitwa Bacteroides thetaiotaomicron, ambaye kuna uwezekano mkubwa unaye, ana zaidi ya 200. Kwa hiyo ganda la maharage, pumba ya dona, nyuzi za kisamvu, kwako wewe ni takataka zinazopita, kwao ndo msosi wenyewe. Na maziwa ya mama ni mfano ambao mimi unanishangaza kila nikiufikiria, kwa sababu ukiacha maji, kitu cha kwanza kwa wingi ndani yake ni laktosi, cha pili ni mafuta, na cha tatu ni aina ya sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya hata kidogo, zinapita moja kwa moja mpaka chini kulisha bakteria wa kundi la Bifidobacterium. Mama anatumia nguvu ya mwili wake kupika chakula cha bakteria wa mtoto.

Wakishakula wanachachusha, na katika kuchachusha wanatoa asidi fupi fupi za mafuta, asiteti, propioneti na butireti. Hiyo ya mwisho ndo ya kushika. Seli zinazopanga ukuta wa utumbo mpana hazitegemei sana sukari ya damu kama seli nyingine, sehemu kubwa ya nguvu zao zinaipata kwenye butireti, yaani ukuta wa utumbo wako unalishwa na bakteria na bakteria wanalishwa na maharage. Butireti hiyo hiyo inasaidia kutuliza kinga ya mwili isiwe inawaka waka bila sababu na inasaidia ukuta ubaki umeshikana vizuri.

Na wakikosa? Hapa kuna jaribio la panya lililotoka 2016 ambalo linaeleza vizuri. Panya walipewa bakteria wa utumbo wa binadamu, kundi moja likalishwa faiba na lingine likanyimwa. Wale walionyimwa, bakteria wao hawakukaa kusubiri kufa, waligeukia ute unaofunika ukuta wa utumbo wakaanza kuula, maana ute nao umejengwa kwa sukari, ukawa mwembamba, na vijidudu vya maradhi vilipoletwa vikaupenya kirahisi. Panya sio mtu, najua, ila utaratibu wenyewe ndo huo.

Tena faiba ikiisha, kinachobaki kuliwa huko chini ni proteini ambayo haikunyonywa juu, hasa kama jana ulikuwa kwenye nyama choma kilo nzima bila hata kachumbari, na bakteria wakichachusha proteini hawatoi butireti nyingi, wanatoa amonia na gesi ya salfa, ile yenye harufu ya yai bovu. Gesi ya maharage ni nyingi ila hainuki sana, gesi ya nyama ni kidogo ila inavunja kikao, na sasa unajua kwa nini.

Haya mambo hayajaanza jana. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Uganda miaka mingi, hospitali ya Mulago ikiwemo, baadae miaka ya 1970 alizunguka akisisitiza kwamba magonjwa ya utumbo yaliyojaa Uingereza, kansa ya utumbo mpana ikiwa mojawapo, kule Uganda vijijini yalikuwa nadra kwa sababu ya faiba kwenye chakula, na alikuwa anaongelea ukubwa wa kinyesi cha watu bila aibu yoyote. Yeye alidhani kikubwa ni kwamba faiba inasukuma uchafu utoke haraka. Habari ya butireti na bakteria ilikuja kujazwa na wengine.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote lilitoka 2015, na ni rahisi kiasi kwamba unajiuliza kwa nini halikufanywa mapema. Walichukua Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh na Waafrika Kusini 20 wa vijijini KwaZulu-Natal, watu wa miaka 50 mpaka 65, wakawabadilishia vyakula kwa wiki 2. Wamarekani wakala mahindi, kunde, bamia, maembe, wale wa KwaZulu wakala soseji, baga na chips. Faiba ya Wamarekani ikapanda kutoka gramu 14 kwa siku hadi 55, ya Waafrika ikashuka kutoka 66 hadi 12. Kabla ya kuanza walipimwa kwa kamera ya utumbo na karibu nusu ya Wamarekani walikutwa na vinyama, yaani viuvimbe vidogo kwenye ukuta wa utumbo, ambavyo baadhi huja kugeuka kansa, kwa Waafrika hakukutwa hata mmoja. Baada ya wiki 2, butireti kwa Wamarekani ikawa imepanda mara 2 na nusu, kwa Waafrika ikashuka nusu, na dalili za ukuta wa utumbo kukereketwa na seli kuzaliana kwa kasi zikapungua kule na kuongezeka huku. Wiki 2 tu jamani! Hakuna aliyepona kansa wala hakuna aliyeipata, wiki 2 hazitoshi kwa hilo, walichopima ni viashiria, lakini kilichopunguzwa nguvu pale ni ile hoja ya kwamba labda ni damu, labda ni ukoo. Ulikuwa msosi.

Na hata hizo wiki 2 ni nyingi. 2014 watu wachache Marekani walilishwa nyama, mayai na jibini tupu kwa siku 5, alafu wakati mwingine mimea mitupu kwa siku 5, na bakteria wakaanza kubadilika ndani ya siku moja hivi tangu chakula kifike kwao. Walivyorudi kwenye chakula chao cha kawaida, bakteria nao wakarudi. Ndo maana mtu akikwambia amefunga wiki moja kwa juisi ya mboga na "amerekebisha utumbo" muulize baada ya wiki hiyo anakula nini.

Kama unataka kuona jambo hili kwa watu wazima wanaoishi maisha yao bila jaribio lolote, njoo Tanzania, pembeni ya Ziwa Eyasi, kwa Wahadzabe. Hawa wanaoendelea kuwinda na kuokota wanakula kwa msimu, kiangazi nyama inakuwa nyingi, masika asali na matunda pori, na mizizi na ubuyu vipo karibu mwaka mzima. Utafiti wa 2017 ulichukua sampuli 350 za kinyesi kutoka kwa watu 188 kwa kipindi cha kama mwaka, ikaonekana bakteria nao wana msimu, kuna makundi yanapotea kabisa masika yakarudi kiangazi, na la kushtua ni kwamba yale yanayopotea kwao kwa msimu ni yale yale ambayo watu wa miji ya nchi tajiri wameyapoteza moja kwa moja. Kazi nyingine iliyotoka 2023 ilihesabu aina za bakteria ikakuta kwa wastani 730 kwa Mhadzabe mmoja na 277 kwa mtu wa California.

Hapo naomba tupunguze mwendo kidogo. Kuna watu wakisoma hivo wanakimbilia kusema turudi porini, na kuna Mmarekani aliyejaribu hata kujipandikizia kinyesi cha Mhadzabe, mambo ya ajabu. Bakteria wa Mhadzabe wanafaa kwa chakula cha Mhadzabe. Wahadzabe watu wazima waliopimwa 2014 wakilinganishwa na Waitaliano walikutwa hawana Bifidobacterium, ambao ndo wale wale wanaoandikwa kwenye makopo ya yogati kama bakteria bora, na wana Treponema, jamaa wa kijidudu cha kaswende, ambao Mtaliano akikutwa nao daktari atakunja uso, na wanaishi vizuri tu. Hakuna orodha moja ya bakteria wazuri kwa dunia nzima. Mfano mwingine wa hilo uko Japani ambako watu wamekula mwani kwa karne nyingi, bakteria wa tumbo la baadhi yao wakaja kuchukua jeni ya kuvunja sukari ya mwani kutoka kwa bakteria wa baharini, jeni ambayo Wamarekani waliolinganishwa nao hawakukutwa nayo. Yaani bakteria wa baharini waliliwa pamoja na mwani na wakaacha fundi ndani. (Wa Paje na Jambiani kule Zanzibar wanaolima mwani na kuuza karibu wote nje, hapo kuna cha kufikiria.)

Karibu zaidi na sahani zetu ni jaribio la Kilimanjaro lililochapishwa 2025, la hospitali ya KCMC pale Moshi wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi. Vijana wa kiume 77 wenye afya. Waliozoea chakula cha asili, ndizi, maharage, mboga za majani, nafaka zisizokobolewa, wakahamishiwa chakula cha kisasa kwa wiki 2, soseji, mkate mweupe, chips, na waliozoea cha kisasa wakapelekwa kwenye cha asili, na kundi la tatu likanywa mbege, ile pombe ya Wachaga, kwa wiki moja. Waliopelekwa kwenye soseji, damu yao ikaonyesha kinga inawaka zaidi, protini zinazoashiria mwili kukereketwa zikapanda, seli za kinga zikawa goigoi zaidi zikikutanishwa na vijidudu, na waliopelekwa kwenye asili mambo yakashuka kwa sehemu kubwa, na mengine yakabaki yanaonekana hata wiki 4 baadae. Mbege nayo ikaleta utulivu. Sasa wachaga wasishangilie sana, ni pombe bado, na mbege ni ndizi na ulezi vilivyochachuka kwa hiyo huwezi kusema ni kitu gani hasa ndani yake kilichofanya kazi, alafu walikuwa wanaume watupu na muda mfupi. Pia walichopima zaidi ni damu na kinga. Ila mwelekeo ni ule ule wa KwaZulu.

Kinachoniumiza mimi ni kwamba sisi tunaenda kinyume huku tukidhani tunapanda ngazi. Dona imekuwa chakula cha shule na jela, sembe nyeupe ndo heshima ya mgeni, wakati mahindi yanapokobolewa sehemu kubwa ya faiba inaachwa mashineni inaenda kuwa pumba ya kuku. Mtama, ulezi na uwele tumewaachia wazee na wagonjwa. Mtu akipata hela kidogo cha kwanza anachokipunguza ni maharage, cha kwanza anachokiongeza ni soda. Gramu 66 za wale wa KwaZulu hazikutoka kwenye kopo lolote la dukani.

Vya kuchachusha viko upande wetu pia. Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, 2021 waliwagawa watu wazima 36, nusu waongeze faiba, nusu waongeze vya kuchachuka kama yogati na kabichi iliyochachushwa, wiki 10. Wa kuchachuka aina za bakteria zikaongezeka na protini 19 za kukereketwa zikashuka. Wa faiba, cha kushangaza, aina hazikuongezeka, na maelezo mojawapo ni kwamba mtu ambaye bakteria wa kuila faiba wameshapotea, ukimpa faiba ghafla inakosa mlaji. Kuna jaribio la panya la 2016 linalotisha zaidi, ukiwanyima faiba vizazi kadhaa, bakteria wengine hawarudi tena hata ukiirudisha faiba, mpaka uwarudishe bakteria wenyewe. Sisi tuna mtindi, maziwa mgando, mursik ya Wakalenjini, togwa. Togwa ni nzuri hapa kwa sababu unapika uji kwanza ukapoa ndo unatia kimea na kuacha uchachuke, kwa hiyo unakunywa vijidudu wakiwa hai, wakati uji wa unga uliochachushwa alafu ukachemshwa asidi imebaki ila wenyewe wameshakufa. Wengi wa wale hai nao ni wapita njia, wanafanya kazi wakipita alafu wanatoka, kwa hiyo ni kitu cha mara kwa mara.

Kwa wenye watoto wadogo kuna jambo lingine linaloonyesha hii habari ya mabaki inaenda mbali kuliko faiba. Kusini mwa pwani ya Kenya watoto wa miezi 6 waliongezewa unga wa virutubisho wenye madini ya chuma kwenye uji wa mahindi, na matokeo ya 2015 yakaonyesha bakteria wa kundi la E. koli wanaoleta maradhi wakaongezeka. Kwa nini? Kwa sababu mtoto ananyonya chuma kidogo tu, kingine kinateremka chini, na wale wabaya wanakipenda sana. Baadae wakajaribu kuongeza humo humo aina ya sukari zinazolisha Bifidobacterium, na madhara yakapungua sana. Usimwachishe mtoto dawa ya kuongeza damu kwa sababu umesoma hili, upungufu wa damu kwa watoto wetu ni tatizo kubwa na la kweli, muulize mhudumu wa kliniki, ila angalia jinsi kitu kizuri juu kinavyoweza kuwa kitu kingine kabisa chini.

Sasa kama umeamua kuongeza, ongeza taratibu. Maharage yana sukari zinazoitwa rafinosi ambazo hatuna kimeng'enya chake, bakteria wanazishambulia kwa fujo, ndo tumbo linajaa. Loweka usiku, mwaga yale maji, anza na vijiko viwili vitatu, baada ya wiki chache tumbo la wengi linazoea. Kunywa maji pia, faiba bila maji inaweza kukufunga choo badala ya kukufungua. Na kiporo kina lake: wanga ukipikwa ukapoa, sehemu yake inajipanga upya ikawa ngumu kumeng'enywa, inafika chini kama faiba, na ukipasha moto sehemu inabaki hivo hivo, viazi, wali, ugali, vyote. Ndizi mbichi nazo zina wanga wa namna hiyo kwa asili, ila kadiri zinavyoiva unageuka sukari. Tatizo la wali kiporo ni kwamba ukiachwa jikoni usiku kucha kwenye joto la Dar kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus anayetoa sumu isiyokufa kwa kupashwa moto, kwa hiyo upoze haraka uweke kwenye friji, kama huna friji pika wa kutosha uishe.

Antibayotiki zinapita humo zikifagia wote, waliokusudiwa na wasiohusika, kwa hiyo ile tabia ya kununua Amoxicillin duka la dawa kwa mafua inagharimu zaidi ya hela uliyolipa. Na kama unapata damu kwenye choo, unakonda bila sababu, au choo kimebadilika kwa wiki kadhaa, hiyo sio ya dona wala mtindi, nenda hospitali upimwe.